Zibibbo, Ndugu wa Zabibu

Asubuhi ya Idi, katika nyumba nyingi za pwani, tambi hazijatimia mpaka zitiwe zabibu kavu. Hukaangwa kidogo kwenye samli hadi zivimbe, zikamwagwa juu ya tambi zenye iliki na sukari, na mtoto mjanja huziokota zote upande wake kabla ya kugusa kitu kingine. Neno lenyewe tumelizoea mno, hata hatulitazami. Kwetu zabibu ni zabibu, mbichi au kavu. Anayetaka kutofautisha huongeza "kavu", basi. Kwa Waarabu waliotupa neno hilo, sivyo. Tunda bichi kwao ni inab. Zabib ni lile lililoanikwa juani likanyauka. Yaelekea sisi tulilijua tunda hili kwanza likiwa limeshakauka, ndani ya vikapu na magunia ya majahazi, kwani zabibu mbichi haivumilii safari ndefu ya bahari. Siku tulipoliona bichi, tukaliita kwa jina la lile kavu. Leo mkulima wa Dodoma anayekata vichala vilivyojaa maji analiita zao lake kwa neno ambalo asili yake ni kitu kilichokauka.

Nimeanzia hapo kwa sababu wako watu wengine, mbali nasi, waliolifanyia neno hilohilo jambo lilelile. Kusini kabisa mwa Italia, huko Sicily na zaidi katika kisiwa kidogo cha Pantelleria, kuna zabibu nyeupe inayonukia maua, iitwayo Zibibbo. Ni zabib ileile, imepita katika vinywa vya Wasisilia kama ilivyopita katika vyetu. Nao walichukua jina la kitu kikavu wakalivika mti wake na tunda lake bichi. Zabibu na zibibbo ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika bahari mbili. Huyu wa kwetu tunamjua. Huyu wa kule ana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa jua, kwa mawe na kwa migongo ya watu.

Katika vitabu vya wataalamu wa mizabibu jina lake ni Muscat ya Alexandria. Msomaji wa Kiswahili akisikia Muscat, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja Maskati, mji wa Oman ambao wazee wetu waliutaja kila siku. Hata huko Ulaya wamekuwapo walioandika kwamba zabibu hii ilipewa jina la mji huo. Maelezo yenye nguvu zaidi yanapita njia nyingine: kwenye Kilatini cha zama za kati kulikuwa na neno muscatum, yaani kinachonukia miski. Miski hatuhitaji kufasiriwa. Tumeikuta katika udi, katika marashi, katika sanduku la bibi harusi. Kwa hiyo zabibu hii imebeba maneno mawili yaliyotoka mashariki, miski na zabibu, na yote mawili tunayo nyumbani.

Ukoo wa Muscat ni mkubwa, lakini wakubwa wake ni wawili: Muscat yenye punje ndogo, ambayo ndiyo kongwe, na hii ya Alexandria yenye punje kubwa na nene. Kwa muda mrefu watu walidhani kuwa ya Alexandria ilizaliwa Misri na kusambazwa na Warumi, kwa ajili ya jina tu. Vinasaba vimesema mengine. Wataalamu walipolinganisha vinasaba vya mizabibu ya Bahari ya Kati waligundua kuwa hii ni mtoto wa Muscat ya punje ndogo na zabibu nyeusi ya kula inayoitwa Axina de Tres Bias kisiwani Sardinia, ambayo pia imekuwa ikilimwa katika visiwa vya Ugiriki. Mzazi wa namna hiyo anaelekeza macho Ugiriki au kusini mwa Italia. Alexandria ilikuwa bandari kubwa, na bandari hupenda kuvipa jina lake vitu ambavyo havikuzaliwa kwake.

Lakini jina si kitu mbele ya harufu. Zabibu nyingi za mvinyo ukizitafuna hazikuambii mengi. Harufu ya mvinyo wake huja baadaye, kwa kazi ya chachu na ya pipa. Muscat ni tofauti. Imejaa vitu ambavyo wanakemia huviita terpeni, na viwili kati ya hivyo tunavijua kwa pua ingawa hatujui majina yake. Kimoja ni linaloli, ambayo imo katika rihani, katika asumini na katika mbegu za giligilani. Cha pili ni geranioli, roho ya waridi. Ndiyo maana mvinyo wa Muscat ni karibu wa pekee duniani unaonukia tunda lenyewe lililotoka mtini. Hata aliyeshika tunda tu bila kuonja mvinyo huondoka na harufu vidoleni. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika juu ya zabibu za apianae, zilizoitwa hivyo kwa sababu nyuki walizipenda kupita kiasi, na waandishi wengi wa baadaye wameona dalili ya Muscat katika maelezo hayo.

Sasa twende kisiwani. Pantelleria imekaa katikati ya mlangobahari unaoitenga Sicily na Afrika, na iko karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sicily: kama kilomita 70 upande huu, kama 100 upande ule. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 83. Ni kilele cha volkano kilichotokeza baharini. Mlima wake mkubwa una mita 836, na mpaka leo mvuke hutoka katika nyufa za miamba na maji ya moto hububujika kandokando ya ziwa lake. Mawe ni meusi. Mto hakuna. Chemchemi ya maji matamu ya kutegemewa hakuna. Upepo ndio uliopo, karibu kila siku, mara wa kaskazini-magharibi, mara ule wa moto unaotoka Sahara. Wanajiografia wa Kiarabu walikiita kisiwa hiki Qawsara, kutokana na jina la Kirumi Cossyra. Wenyeji wa siku hizi wanapenda zaidi jina jingine la Kiarabu lililobaki katika masimulizi, Bint al-Riyah, binti wa pepo.

Kabla ya Waarabu na kabla ya Warumi, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafoinike wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Hapo ndipo alipo mtu mmoja ninayemheshimu sana katika habari hii: Mago. Aliandika kwa lugha ya Kipuniki vitabu 28 kuhusu kilimo. Mwaka 146 KK Warumi waliiteketeza Karthago na kuwauza watu wake utumwani. Maktaba zake wakawagawia wafalme wadogo wa Afrika. Kitu kimoja tu Baraza la Rumi liliamuru kihifadhiwe na kutafsiriwa kwa Kilatini: vitabu vya Mago. Adui aliyechoma mji mzima aliona kwamba elimu ya mkulima huyo isingefaa kuchomwa. Tafsiri hiyo pia imepotea, lakini Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya 1, aliyemwita Mago baba wa kilimo, alinakili sehemu zake, na mojawapo ni jinsi ya kutengeneza mvinyo wa zabibu zilizoanikwa, ambao Warumi waliuita passum.

Maelekezo ya Mago ni ya mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake. Chuma zabibu zilizowahi kuiva, anasema, utupe zilizooza na zilizobanduka. Simika miti yenye panda, tandika matete juu yake, anika zabibu juani. Usiku zifunike, umande usizipate. Zikishakauka, zitoe katika vikonyo uzitie kwenye mtungi, kisha zimwagie maji ya zabibu mbichi yaliyo bora mpaka zizame. Siku ya sita, zikishanywa na kujaa, zikamue. Muhtasari huu nimeutoa hatua kwa hatua kwa sababu tutakutana nao tena, miaka zaidi ya 2,000 baadaye, katika kisiwa kilekile kilichokuwa cha watu wa Mago.

Waarabu walifika Pantelleria karibu na mwaka 700, wakitokea Tunisia. Sicily yenyewe walianza kuiteka mwaka 827. Waliitawala kwa zaidi ya miaka 200, wakaleta michungwa na milimau, miwa, na ufundi wa kukusanya na kuongoza maji. Pantelleria ilichukuliwa na Roger wa Pili, mtawala Mnormani wa Sicily, mwaka 1123, lakini lugha haikuondoka na watawala. Fungua ramani ya kisiwa leo usome majina ya vitongoji: Khamma, Gadir, Bugeber, Mueggen, Rekhale. Gadir ni ghadir, dimbwi la maji. Bukkuram, uwanda maarufu kuliko yote kwa mizabibu, jina lake wenyeji hulifasiri kuwa Abu Karm, baba wa mzabibu. Wanaoishi humo leo ni Wakatoliki wanaosema Kiitalia, na kila siku hutaja Kiarabu wanapomwelekeza mgeni njia.

Wasimulizi wa kisiwani husema kuwa ni Waarabu hao walioileta zabibu hii. Kuna watu huona ajabu: iweje watu ambao dini yao inakataza mvinyo wapande mizabibu kwa bidii hivyo? Swali hilo huulizwa na mtu anayedhani kuwa mzabibu una kazi moja. Dini ilikataza mvinyo, haikukataza zabibu. Zabibu kavu ni chakula cha msafiri na cha baharia, ni sukari kwa asiye na sukari, ni mali inayokaa mwaka mzima bila kuoza, ni bidhaa ya kuuza mbali. Na katika zabibu zote za eneo lile hakuna iliyofaa kukaushwa kama hii, kwa punje zake nene na ngozi yake ngumu na harufu isiyokimbia juani. Jina lenyewe linashuhudia: mti mzima uliitwa kwa kazi yake. Lakini nisipake rangi moja. Sicily ya Waarabu ilikuwa na wanywaji wake pia, na mshairi mkubwa aliyezaliwa humo, Ibn Hamdis, aliyelilia kisiwa chake akiwa uhamishoni mpaka kufa kwake katika karne ya 12, alitunga mashairi mengi ya kuusifu mvinyo. Elimu ya kukausha na elimu ya kukamua ziliishi jirani. Hakuna iliyoiua nyingine.

Kwa mtazamo wangu, ushahidi mkubwa kuliko jina ni namna mzabibu unavyopandwa kule. Anayeijua mizabibu iliyotandazwa juu ya nyaya na nguzo, akifika Pantelleria mwezi wa Mei anaweza kulipita shamba bila kuliona. Mkulima kwanza husawazisha ardhi, kisha huchimba shimo pana, kama bakuli, na kupanda mzabibu ndani yake. Shina huachwa fupi, hupogolewa mpaka libaki na matawi sita yaliyotawanyika kama miale, yakilala karibu na ardhi. Mti mzima umejificha kwenye bakuli lake. Upepo unapita juu. Umande wa usiku unateremka ndani ya shimo na kuinywesha mizizi mahali ambapo mvua ni adimu kuanzia masika ya Ulaya hadi mwisho wa kiangazi chao. Shimo hilo halichimbwi mara moja likasahauliwa. Hufukuliwa, hufinyangwa na kurekebishwa kila msimu, kwa jembe la mkono. Waitalia huuita mzabibu wa namna hii alberello, mti mdogo.

Mwinuko wote wa kisiwa umekatwa ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe meusi yaliyopangwa bila chokaa wala udongo. Mawe hayo yaliondolewa shambani ili mzabibu upate nafasi, yakawa ukuta ili udongo usiondoke. Nyumba nazo ni za mawe hayohayo, kuta nene ajabu na paa la kuba lililopakwa chokaa; huitwa dammuso. Kuba si pambo. Kila tone la mvua linaloangukia paa huongozwa hadi kwenye birika chini ya nyumba, kama walivyofanya mafundi wa miji mingi ya visiwa na pwani zisizo na mito. Na pale familia ilipotaka mchungwa, ilijenga mnara wa mviringo wa mawe, usio na paa, ukapandwa mti mmoja ndani. Ukuta mzima kwa ajili ya mti mmoja. Mtu akiniuliza upepo wa Pantelleria una nguvu gani, nitamwonyesha mnara huo.

Ndani ya mashamba hayo hakuna trekta linaloweza kugeuka. Kazi ilifanywa kwa magoti na kwa punda. Punda wa Pantelleria walikuwa warefu, wepesi wa mwendo, mashuhuri Bahari ya Kati yote. Leo wamebaki wachache mno na wataalamu wanajitahidi kuufufua uzao wao.

Wakati watu wa kisiwani wakiinama juu ya mashimo yao, zabibu hii ilikuwa imekwishapanda meli za mataifa mengine. Nitapita haraka, maana safari zake ni nyingi. Upande wa Roussillon, kusini mwa Ufaransa, jadi inamtaja Arnau de Vilanova, tabibu wa karne ya 13 aliyesoma na kutafsiri vitabu vya tiba vya Kiarabu, kuwa ndiye aliyegundua kwamba ukimwaga pombe kali iliyokenekwa ndani ya maji ya zabibu yanayochachuka, chachu hufa na utamu hubaki. Jina la chombo cha kukenekea na neno lenyewe alkoholi yametoka katika Kiarabu. Kwa mara nyingine elimu ya watu waliokatazwa kunywa ikawa msingi wa kinywaji. Mvinyo wa Muscat wa Rivesaltes, unaochanganya Muscat zote mbili, hutengenezwa hivyo hadi leo.

Wareno nao walifanya vivyo katika Setúbal, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Tunawajua Wareno. Walikaa pwani yetu zaidi ya miaka 200, wakajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na miongoni mwa maneno waliyotuachia ni mvinyo, kutoka vinho. Divai imetoka kwa Wafaransa. Wafanyabiashara wa Setúbal walipakia mapipa ya Moscatel yao kwenye meli zinazovuka ikweta, na mapipa yasiyouzwa yaliporudi nyumbani watu walionja wakashangaa: joto na msukosuko wa bahari vilikuwa vimeufanya mvinyo kuwa mzito na mzuri zaidi. Wakauita torna-viagem, mrejea safari, wakaanza kuupeleka baharini kwa makusudi ili urudi.

Huko Rasi ya Tumaini Jema, Waholanzi waliofika mwaka 1652 walikamua mvinyo wao wa kwanza tarehe 2 Februari 1659, na Muscat zilikuwamo katika mizabibu ya Rasi tangu mapema. Hii ya Alexandria ilipewa huko jina la Hanepoot, ambalo kwa Kiholanzi huelezwa kuwa ni mguu wa jogoo. Habari ya Rasi siwezi kuipita bila kusema neno moja. Mashamba yale ya mizabibu yalilimwa na watumwa: watu waliotolewa Madagaska, India, visiwa vya Indonesia, na Msumbiji, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mvinyo mtamu wa Rasi ulisifiwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Mikono iliyochuma zabibu haikutajwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na hata hapo watu waliwekwa chini ya mabwana zao kwa miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi.

Huko Amerika ya Kusini zabibu hii ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wahispania walikuwa wamepeleka zabibu nyeusi ya Listán Prieto kwa ajili ya mvinyo wa misa. Ilipopandwa jirani na Muscat ya Alexandria katika nchi ambayo leo ni Argentina, maua yakachavushana, mbegu ikaota, na mti ukazaliwa ambao haukuwapo Ulaya: Torrontés. Leo ndiyo zabibu nyeupe ya fahari ya Argentina, hasa kule Cafayate, juu milimani, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukiinusa, mzazi wake wa Bahari ya Kati yumo wazi. Katika Peru na Chile Muscat ya Alexandria yenyewe hukenekwa kuwa pisko.

Lakini biashara kubwa, ile iliyolisha watu, haikuwa mvinyo. Ilikuwa zabibu kavu. Kule Málaga, Hispania, vilima vya Axarquía vilijaa vitanda vya kuanikia vilivyoelekezwa jua la mchana, na meli zilizipeleka zabibu hizo Uingereza na Marekani kwa ajili ya keki za Krismasi. Mwaka 1878 mdudu wa filoksera, aliyetoka Amerika na anayefyonza mizizi ya mzabibu mpaka ufe, aligunduliwa katika shamba moja la mkoa huo. Vilima viligeuka jangwa, na maelfu ya watu wakahama. Pantelleria nayo iliishi kwa zabibu kavu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, boti zilizipeleka bara, nazo ndizo zilizonunua unga, nguo na mbao, vitu ambavyo kisiwa hakikuwa navyo.

Kilichoiangusha biashara hiyo ni kitu kisichotisha kama mdudu. Ni kokwa. Zibibbo ina mbegu ndani, na mpishi wa keki alilazimika kuzitoa moja moja au kula nazo. Katika karne ya 20 mashamba ya California, ambayo yalianza kwa Muscat hiihii, yalihamia zabibu ya Sultanina isiyo na mbegu, nyepesi kukauka, rahisi kulimwa kwa wingi. Utamu wake ni wa sukari tupu. Haina miski, haina waridi. Lakini haina mbegu. Dunia ilichagua. Zabibu kavu tunazonunua leo dukani, zile tunazotia kwenye pilau na tambi, nyingi ni za ukoo huo usio na mbegu. Mimi nasikitika kwa uchaguzi huo, ingawa namwelewa mama mwenye sufuria jikoni na watoto wanaongoja.

Katikati ya hayo yalipita majeshi. Mussolini aliigeuza Pantelleria kuwa ngome, akachimba hata mahali pa kufichia ndege ndani ya mwamba. Mwaka 1943 Waingereza na Wamarekani walihitaji kuiondoa njiani kabla ya kuivamia Sicily. Waliupa mpango wao jina la kizibuo, kile chombo cha kutolea kizibo cha chupa ya mvinyo. Tangu Mei walikimwagia kisiwa maelfu ya tani za mabomu, na tarehe 11 Juni askari wa Kiitalia walijisalimisha kabla wavamizi hawajashuka wote. Mji wa bandarini ulikuwa umebaki kifusi. Kuta za mashambani, ambazo hakuna mhandisi aliyezichora, nyingi zilisimama.

Vita havikuumaliza mzabibu kama amani ilivyotaka kuumaliza. Baada ya vita vijana waliondoka kwenda viwandani kaskazini mwa Italia, wengine mpaka Australia. Mashamba yaliyokuwa maelfu ya hekta yakapungua mwaka hadi mwaka mpaka yakabaki mamia. Ngazi zilizoachwa zilimezwa na vichaka. Ukuta wa mawe makavu ukikosa mtu wa kurudisha jiwe moja lililoanguka, mvua ya mwaka wa pili hubeba kumi.

Katika upungufu huo ndipo mvinyo uliposhika nafasi ambayo zabibu kavu iliiacha. Mwaka 1971 serikali ya Italia iliupa mvinyo wa kisiwa ulinzi wa jina, ili asiye wa pale asiuze chake kwa jina la Pantelleria. Miaka ya 1980 Marco De Bartoli, mtengeneza mvinyo wa Marsala, alivuka bahari akanunua dammuso pale Bukkuram, akatengeneza mvinyo wa zabibu zilizoanikwa kwa namna ya zamani, bila haraka, akaupa jina la uwanda huo. Wakati huo mvinyo mtamu wa Sicily ulikuwa umedharauliwa na wakubwa wa mji. Watu walipoonja, walinyamaza. Familia inayomiliki kampuni ya mvinyo ya Donnafugata ilifuata, na mvinyo wao maarufu wakauita Ben Ryé, jina la Kiarabu, mwana wa upepo. Mwigizaji wa Kifaransa Carole Bouquet naye alikuja, akabaki, akawa mkulima wa mzabibu. Majina kama hayo yalileta bei, na bei ilimfanya mzee asiye na mrithi aone sababu ya kukarabati ukuta mwaka mmoja zaidi.

Mwezi wa Novemba 2014, kikao cha UNESCO mjini Paris kiliandika kilimo cha alberello cha Pantelleria katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kilimo kuingia katika orodha hiyo, mahali ambapo kwa kawaida huingia ngoma, nyimbo na sherehe. Naona walifanya haki. Nimeeleza jinsi bakuli la mzabibu linavyofukuliwa. Anayejua kina chake hajakisoma popote, amemwona baba yake akichimba. Akiondoka bila kumwonyesha mwingine, elimu hiyo hupotea kama wimbo usioimbwa.

Uchumaji huanza mwishoni mwa Julai, katika mashamba ya chini yaliyo karibu na bahari, ambako jua huwahi. Vichala hukatwa kwa mkono, mchumaji akiwa amepiga magoti, kwa sababu mti haufiki kiunoni mwake. Huanikwa juani katika viwanja vilivyozungushiwa kuta za mawe zinazozuia upepo na kuhifadhi joto, kwa wiki tatu au nne. Kila kichala hupinduliwa, upande huu na upande ule, na usiku hufunikwa ili umande usikiharibu. Punje hubadilika rangi kutoka kijani cha dhahabu hadi kahawia, zikanyauka, harufu ikajikusanya ndani. Kisha watu huketi mezani, wanawake kwa wanaume, wakizitoa katika vikonyo moja moja, wakitupa zilizoharibika.

Mwezi wa Septemba hukatwa vichala vya mashamba ya juu, vilivyochelewa. Hivi havianikwi, hukamuliwa vibichi. Maji yake yakishaanza kuchachuka, zile kavu za Agosti humwagwa ndani, kidogo kidogo, kwa siku nyingi, na pishi nzima hunukia waridi na miski. Kwa siku chache huelea juu, zimekunjamana. Kisha huanza kunywa. Ngozi hukunjuka, punje hujaa, huvimba, huzama.